Hapa Hatusemi Bado

Kwa miaka thelathini na minne juu ya mlango wa karakana yangu palikuwa na ubao nilioupaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Ulisema: FUNDI MIZANI. HAPA HATUSEMI BADO.

Mtu yeyote aliyewahi kupeleka kitu kwa fundi anajua kwa nini niliona fahari. Unakwenda kwa fundi cherehani Ijumaa kuchukua suruali uliyoahidiwa Jumatano, anakwambia, "Bado kidogo." Fundi viatu, bado kidogo. Fundi redio hata hiyo kidogo haongezi. Anasema "bado" huku anakoroga chai. Mimi neno hilo nililifukuza kwangu. Nikikwambia mizani yako itakuwa tayari Jumanne saa nne, Jumanne saa nne unaikuta inaning'inia, imefutwa vumbi, sahani zake mbili zimelala sawa kama nyusi za mtu asiye na wasiwasi.

Shule niliiacha darasa la nne, baba yangu alipohitaji mtu wa kuvuta mvukuto. Yaliyobaki nimeyatafuta mwenyewe jioni baada ya kazi, katika vyumba ambavyo mchana hukaliwa na watoto, kwenye madawati ambayo magoti yangu hayakupata kuingia vizuri hata siku moja. Cheti cha shule ya msingi nilikipata nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Cha sekondari, hamsini na minane. Sasa nilikuwa na sabini na mmoja, na nilikuwa nimebakiza kimoja tu, cha hesabu ya juu, ile inayoitwa kalkulasi. Mke wangu alisema vyeti vikizidi vitatu ataanza kuzibia paa. Mtaa mzima ulijua kwamba nakwenda kukipata, kwa sababu niliuambia mtaa mzima.

Mwalimu wetu alikuwa mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu. Ni msichana mwenye akili kali na adabu kali zaidi. Nyumbani haniiti ila Baba, na nikiingia sebuleni anapunguza sauti ya redio hata kama inatangaza kwamba kumeanguka mbingu. Kumwambia baba mkwe kwamba amekosea, tena mbele za watu, ni jambo ambalo ulimi wake haukufundishwa. Wanafunzi wengine wakikosea aliwaambia, "Umekosea. Anza upya." Mimi nikijibu, alifuta chaki vidoleni, akasema, "Baba, labda tuangalie tena."

Nilidhani anataka wenzangu wapate nafasi ya kuona vizuri. Kwa hiyo nilirudia jibu langu, kwa sauti kubwa zaidi.

Tulikuwa kumi na mmoja. Kulia kwangu alikaa muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, ambaye sote tulimwita Bucha kwa kuwa hata mkewe alimwita hivyo. Alijiunga na darasa baada ya daktari kumwambia atafute kitu cha kufanya jioni mbali na nyama. Mbele yangu alikaa nesi mstaafu, mwanamke aliyeandika kila kitu daftarini, pamoja na kikohozi cha mwalimu.

Siku ya kwanza ya somo la vikomo, mwalimu aliandika sehemu moja ubaoni. Juu: x mara x, toa tisa. Chini: x toa tatu.

"x inaikaribia tatu," akasema. "Haijafika, inaikaribia tu. Sehemu hii nayo inakaribia namba gani? Namba hiyo ndiyo kikomo chake."

Mimi si mtu wa kukaribia vitu. Niliweka tatu papo hapo. Juu, tisa toa tisa, sifuri. Chini, tatu toa tatu, sifuri. Sifuri juu ya sifuri. Nikasimama.

"Moja," nikasema.

"Kwa nini moja, Baba?"

"Kwa sababu kitu chochote ukikigawanya kwa chenyewe unapata moja. Saba kwa saba, moja. Mia kwa mia, moja. Sifuri amefanya kosa gani hata abaguliwe?"

"Mimi nasema ni sifuri," Bucha akadakia. "Huna kitu, utagawa nini? Pumzi?"

Nesi akafunua daftari. "Kugawanya kwa sifuri kumekatazwa. Ninayo hapa, ukurasa wa kumi na mbili, nimepiga mstari."

Mwalimu akamwambia Bucha, "Umekosea." Akamwambia nesi, "Umekosea kidogo." Kisha akanigeukia. "Baba, labda tuangalie tena."

Nikawatazama wale wawili kwa huruma.

Alitueleza polepole. "Tano juu ya sifuri, hiyo hakuna. Tafuteni namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata tano. Mtatafuta mpaka mzeeke." Macho yake yakanipitia, akaona haya, akaendelea haraka. "Lakini sifuri juu ya sifuri ni jambo jingine. Tafuteni namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Moja inafaa. Sita inafaa. Elfu inafaa. Zote zinafaa. Basi hatuwezi kusema hakuna jibu, wala hatuwezi kusema ni lipi. Jibu halijabainika. Bado."

Neno lile lile! Akaliandika ubaoni, kwa chaki, kwa mwandiko wa mkwe wangu.

"Mwalimu," nikasema, "yaani nimesoma miaka arobaini nije kuambiwa kwamba hesabu ukiiuliza swali inakujibu kama fundi cherehani?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alijifanya anatafuta chaki chini ya meza, ila mabega yalikuwa yanatikisika.

"Itajibu, Baba," alisema alipoinuka. "Inachosema ni kwamba usiiulize pale pale. Iulize karibu yake, halafu karibu zaidi, uone inaelekea wapi."

"Mimi nikiambiwa duka liko karibu, sijanunua kitu bado." Neno likanitoka mwenyewe, nikaliuma. "Nisikilizeni nyote. Siku nitakayokubali kwamba sifuri juu ya sifuri ni bado, ubao wangu nitaushusha kwa mikono yangu."

Nesi aliandika na hilo pia, na tarehe.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake: kabla ya mtihani mkuu kulikuwa na wa majaribio, na asiyepata alama hamsini jina lake halikupelekwa. Katika karatasi ya majaribio kulikuwa na maswali matano ya vikomo. Yote matano, ukiweka namba papo hapo, yalitoa sifuri juu ya sifuri. Yote matano niliandika moja, nikamaliza kabla ya wote, nikakaa na kuwatazama wenzangu wakitoka jasho.

Karatasi ziliporudi, ya Bucha ilikuwa imejaa alama za kosa nyekundu kama imechinjiwa juu yake. Yangu haikuwa na kosa hata moja. Palikuwa na viulizo vitano tu, vidogo, kwa penseli, kila kimoja pembeni ya jibu langu. Nilivichukulia kama maswali ya mtu anayetaka kujifunza. Nikakaa nyumbani nikayajibu kwa wino wa bluu, kila moja kwa maelezo ya kutosha, nikamrudishia.

Alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Baba," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeumwa jino.

Siku iliyofuata orodha ilibandikwa mlangoni. Bucha alipata hamsini na tatu. Mimi nilipata arobaini na moja.

"Kuna makosa ya uandishi hapa," nilimwambia Bucha. "Karatasi yangu haina kosa. Ina viulizo."

Bucha aliniangalia kwa upole nisiouzoea kwake. "Mzee wangu, hivyo viulizo ni alama za kosa zilizopiga magoti tu, kwa heshima yako."

"Na 'labda tuangalie tena'?"

"Umekosea."

"Kila mara?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

Nilihesabu mara ambazo nilisimama na kurudia jibu kwa sauti kubwa zaidi, nikaacha kuhesabu.

Waliopata zaidi ya arobaini waliruhusiwa kurudia mara moja, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikishindwa tena, basi. Wala hapakuwa na kusema nitangoja mwaka kesho, kwa kuwa somo lile lilikuwa linafungwa kwa uchache wa wanafunzi. Ama ningepita Ijumaa ile, ama cheti cha tatu ningekisikia kwa watu. Na bado niliamini kwamba mimi niko sahihi. Nilichohitaji, nilijiambia, ni kuieleza hoja yangu vizuri mpaka mkwe wangu mwenyewe akubali.

Jumanne ya wiki ile Bucha alileta mizani yake. Ni mizani ya zamani, ya mkono wa chuma uliolala juu, sahani mbili zikining'inia kwa minyororo, moja ya mawe ya kupimia na moja ya nyama. Katikati ya mkono kuna kijipande cha chuma chenye ukingo mkali ambacho mkono mzima huegemea. Sisi mafundi tunakiita kisu. Chake kilikuwa kimekwisha, ikabidi nitoboe tundu jipya na kuweka kisu kipya.

"Lini, mzee?"

"Leo saa kumi."

"Si una darasa saa kumi na moja?"

"Soma ubao."

Nilitoboa huku nahutubia. Nilikuwa natengeneza hoja yangu kwa sauti, nikiielekeza drili kama kiboko cha mwalimu, na nilipofika mahali pa "sifuri amefanya kosa gani" tundu lilikuwa limeshapita upande wa pili. Nilipoining'iniza, mizani ililalia kulia kidogo. Si ajabu, kisu kipya huwa na uzito wake. Nikabandika kipande cha madini ya risasi chini ya sahani ya kushoto, nikapunguza, nikaongeza, mpaka zikalala sawa.

Hapo fundi huweka mawe, kilo huku na kilo huku, aone. Fundi aliyenifundisha angenipiga kibao kwa kutofanya hivyo. Lakini saa ilikuwa kumi kasoro dakika mbili, na nilikuwa nazitazama zile sahani tupu zilivyotulia. Huku sifuri, kule sifuri, sawa kwa sawa. Moja! Nikaona mizani yenyewe inanitolea ushahidi.

Bucha akaichukua saa kumi juu ya alama.

Jumatano jioni nilimweleza mke wangu hoja yote kutoka mwanzo. Alikuwa ameegemea kiti, miguu juu ya stuli, hana habari na jiko.

"Kwa hiyo sifuri kwa sifuri ni moja," akasema.

"Sawasawa."

"Leo mimi sikupika, nawe hukupika. Kwa hesabu yako, katika kupika mimi na wewe tuko sawa?"

"Kwa leo, ndiyo."

"Mgeni akiingia sasa hivi, akituona tumekaa hivi hivi na njaa zetu, atajuaje nani mpishi wa nyumba hii?"

"Atauliza."

"Hatauliza. Ngoja tushike vijiko, hata kidogo tu. Ataona mwenyewe nani anachoma maji."

Nilimwambia upishi si hesabu. Akasema ndiyo maana upishi huliwa. Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Miaka arobaini na mitano nakuuliza utarudi saa ngapi. Hujawahi kusema hujui. Na hujawahi kurudi saa uliyosema."

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani wangu, nesi aliingia darasani na kifurushi. Alikiweka juu ya dawati la Bucha, akakifungua. Ilikuwa nyama.

"Kilo moja," akasema. "Uliyonipimia asubuhi. Nyumbani nina mizani ya kupimia watoto wachanga. Gramu mia tisa na hamsini."

"Mama, nyama hukauka."

"Tangu asubuhi hadi saa sita? Umeniuzia nyama au barafu?"

"Basi muulize fundi!" Bucha alininyooshea kidole. "Mizani imetoka kwake Jumanne. Mimi naweka mawe, naweka nyama, zikilala sawa nafunga."

Darasa zima likanigeukia. Nilisimama, nikarekebisha kola. "Mizani ile imelala sawa kabisa. Ilete hapa ionwe."

Duka lake liko ng'ambo tu. Alirudi ameibeba begani kama mtoto anayelia, tukaitundika kwenye msumari wa ramani. Sahani tupu zikayumba, zikatulia. Sawa, kama nyusi.

"Mnaona?" nikasema. "Sifuri huku, sifuri huku. Sawa."

Mkwe wangu alikuwa amesogea karibu, anaitazama mizani kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Baba, labda tuangalie tena."

Safari hii nilijua maana yake. Moto ukanipanda kuanzia shingoni. Lakini yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mfuko wangu, ambamo siku zote natembea na mawe yangu ya shaba, kutoka kilo moja hadi yale madogo ya sonara yasiyofika gramu.

Niliweka kilo kushoto na mawe ya kilo kulia. Kulia kukazama, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Bucha alisema, "Hee."

Nikaanza kupunguza kulia. Mia tisa na tisini, bado inazama. Mia tisa na sabini. Nilipofika mia tisa na hamsini, ikalala sawa.

"Inatosha," nikasema.

"Tuisogeze karibu na sifuri, Baba," mwalimu akasema. Alikuwa ameshika chaki. "Kushoto weka nusu kilo."

Kulia ikalala kwa mia nne sabini na tano. Kushoto gramu mia. Kulia tisini na tano. Kushoto gramu kumi. Kulia, kwa mawe ya sonara na miwani ya nesi juu ya yangu, tisa na nusu. Kila mara aliandika ubaoni: iliyo kulia juu, iliyo kushoto chini. Akamwambia nesi azipunguze zile sehemu.

"Kumi na tisa juu ya ishirini," nesi akasema. "Hii nayo kumi na tisa juu ya ishirini. Zote."

Nikatoa rula. Kutoka kwenye kisu hadi kulabu ya kushoto, sentimita kumi na tisa. Hadi kulabu ya kulia, ishirini. Tundu langu lilikuwa limekwenda kushoto kwa nusu sentimita, pale pale kwenye hotuba.

"Sasa toa vyote, Baba."

Nikatoa vyote. Sahani zikayumba, zikalala sawa, bila haya.

"Kulia kuna nini?"

"Sifuri."

"Kushoto?"

"Sifuri."

"Na sifuri juu ya sifuri, kwa mizani hii, ni ngapi?"

Nilifungua mdomo kusema moja. Moja ilikuwa tayari juu ya ulimi, imekaa pale tangu mwaka uanze. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kipande cha risasi chini ya sahani. Mimi ndiye niliyekibandika. Mizani ya haki ikiwa tupu hulala sawa. Mizani hii ya Bucha, mkono mmoja mfupi na mwingine mrefu, ikiwa tupu inalala sawa. Nipe mizani yenye mkono mmoja mrefu mara mbili ya mwenzake, unipe na risasi ya kutosha, nayo nitailaza sawa, tupu. Pale ilipo tupu ilikuwa inaonyesha ufundi wa risasi yangu tu. Tabia yake ilikuwa imeificha. Na ukiweka kitu kidogo, hata gramu, hata nusu gramu, inaanza kusema, na inasema kitu kile kile kimoja mpaka mlangoni pa sifuri. Kumi na tisa juu ya ishirini. Mgeni na mpishi.

"Mizani tupu haisemi," nikasema.

"Kwa hiyo jibu, Baba?"

Nilitazama dirishani. Ubao wangu ulionekana kutoka pale.

"Bado," nikasema.

"Sema kwa sauti mzee," alisema Bucha, "huku hatujasikia."

"Wewe umesimama ubavuni kwangu!"

"Masikio yangu yana mafuta."

"Bado!" nikapiga kelele. "Ukiuliza pale pale, ni bado! Ukitaka jibu, sogea karibu, uone inaelekea wapi. Hii inaelekea kumi na tisa juu ya ishirini, ile ya ubaoni siku ile sijui inaelekea wapi kwa sababu sikuwahi kuiuliza!"

Nesi alikuwa anaandika mpaka karatasi inachanika.

Nikamgeukia mkwe wangu. "Mwalimu. Tangu mwezi wa kwanza nasema ni moja. Niambie."

"Nikuambie nini, Baba?"

"Unachomwambia Bucha."

Alitazama mlango, kama mtu anayehofu mama yake mzazi atapita. "Baba, labda tuanga..."

"Hapana. Lile lenyewe. Kesho nina mtihani, binti yangu. Ukiendelea kuniheshimu hivi nitafeli."

Akafuta chaki vidoleni. "Umekosea, Baba."

"Halafu?"

"Anza upya, Baba."

Nikakaa chini. Nikatoa daftari, nikaandika ile sehemu ya siku ya kwanza, na badala ya tatu nikaweka tatu nukta moja. Nikapata sita nukta moja. Nikaweka tatu nukta sifuri moja. Sita nukta sifuri moja. Nilikaribia namba kwa mara ya kwanza maishani, na nakiri kwamba ilikuwa raha, kama kumnyemelea kuku anayekujua.

Darasa lilipokwisha Bucha alijitwika mizani yake, akaniwekea mlangoni mwa karakana. Alikuwa ameahidi kumrudishia kipande cha nyama kila mteja aliyenunua kwake tangu Jumanne, na kumweleza kila mmoja jina la fundi.

"Haya," akasema. "Asubuhi nina wateja. Itakuwa tayari lini?"

Ilibaki nusu saa jua lizame, na vikomo vitano vya kufanyia mazoezi. Ningeweza kutoboa tundu jingine kwa haraka. "Kesho saa mbili" ilikuwa imeshanifika kwenye meno. Nikaitazama mizani, nikautazama na ubao juu yake.

"Bado, Bucha," nikasema. "Nitakwambia nikishaipima kwa mawe. Chukua ya mkeo ya jikoni kwa kesho."

Badala ya kunicheka, akasema, "Sawa, mzee wangu," akavuka barabara. Nadhani aliogopa.

Mtihani wa Ijumaa ulikuwa na maswali matano ya vikomo, kama ule wa kwanza. Manne, ukiweka namba papo hapo, yalitoa sifuri juu ya sifuri. Moja lilikwenda sita, nilivunja juu kuwa x toa tatu mara x jumlisha tatu, vile vinavyofanana juu na chini nikavikata, kikabaki x jumlisha tatu. Jingine lilikwenda sifuri, jingine nusu. Jingine lilikwenda hasi mbili, nikalirudia mara tatu kwa kutoamini. Sifuri zile zile, majibu mbalimbali, kama ndugu wa tumbo moja. La tano lilikuwa mtego: juu ilibaki tano, chini sifuri. Hapo sikuandika bado. Niliandika "hakuna," nikapigia mstari, kwa sababu mtu mzima lazima ajue tofauti ya mlango ambao haujafunguliwa na ukuta.

Nilikuwa wa mwisho kumaliza. Bucha, aliyekuja kunishangilia dirishani, alilala amesimama.

Jumatatu mkwe wangu alikuja nyumbani na karatasi. Alinipa kwa mikono miwili kama kawaida, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Alama sitini na nne. Jina langu linakwenda. Lakini nililolitafuta mimi lilikuwa ukurasa wa tatu, mahali nilipozidisha nane kwa saba nikapata hamsini na nne. Pale palikuwa na alama ya kosa, kwa wino mwekundu, kubwa, imesimama wima kwa miguu yake miwili.

Nilimwonyesha mke wangu.

"Nane kwa saba?" akasema. "Umri wote huu?"

"Tazama kosa lenyewe lilivyo zuri," nikasema.

Mizani ya Bucha iliisha Jumatano, imepimwa kwa mawe yote niliyonayo, na haijawahi kudanganya tangu hapo. Ubao niliushusha kwa mikono yangu, kama nilivyoapa, nesi akiwa shahidi na tarehe yake. Mke wangu akasema ni dhambi kutupa mbao nzuri. Basi nikafuta neno moja kwa rangi, lile la katikati, nikaurudisha juu. Sasa unasema: FUNDI MIZANI. HAPA BADO.

Wiki ya kwanza wateja sita waligeuka njiani wakidhani sijafungua. Wa saba aliuliza, nikamweleza kuhusu vikomo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, naye hajarudi. Mtihani mkuu nimeshafanya. Matokeo yatatoka mwezi ujao, na kila apitaye ananiuliza kama nimefaulu, kwa kuwa mtaa mzima niliuambia mwenyewe. Siku hizi hata mdomo sifungui. Naelekeza kidole juu ya mlango.